Spika Nne za Kobe

Kaka yangu ameendesha lori la magogo kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua watu. Ukiwaanzia habari ya ajali, hujafika katikati wameshatafuta mlevi wa kumbebesha. Kaka hanywi, hakimbizi gari, na hajawahi kumtukana mtu barabarani hata pale matusi yalipostahili. Madereva wenzake walimpa jina la Kobe. Yeye akalipokea kama cheo, akalipaka kwa rangi nyeupe nyuma ya lori, na chini yake akaongeza neno moja: ATAFIKA.

Nyumbani tuko watatu: kaka, dada, kisha mimi kitinda mimba. Baba alipofariki nilikuwa darasa la nne, na kaka, ambaye ndio kwanza alikuwa amepata leseni, akawa baba bila kuulizwa kama anataka. Ndiye aliyenipeleka chuo cha ufundi. Leo nina kibanda nyuma ya kituo cha mafuta, nafunga redio na spika za magari, na kwenye kazi hiyo sijidai bure: gari likitoka kwangu linaimba. Nina ubaya mmoja, ambao mke wangu ameusema hadi amechoka. Napenda kusifiwa.

Barabara ya kaka ni ya vumbi, inapanda mlima hadi kwenye msitu wa kampuni. Upana wake ni lori moja. Upande huu ni ukuta wa mlima, upande ule ni bonde. Kila kilomita pana kibao chenye namba, na penye kibao barabara imetanuliwa kidogo ili lori liweze kujibanza. Kona ni nyingi mno, malori hayaonani mpaka yakutane uso kwa uso, kwa hiyo kila lori lina redio koli, ile ya kubonyeza ndipo useme. Dereva akifika kwenye kibao hutaja namba, anakoelekea, na kama ana mzigo. "Kumi na mbili, napanda mtupu." "Ishirini, nashuka na mzigo." Anayepanda mtupu akisikia mwenzake anashuka na mzigo, hujibanza kibaoni na kusubiri, maana magogo yakishaonja mteremko hayasimami kwa kuombwa. Asiyetaja kilomita yake hufukuzwa siku hiyo hiyo, na hakuna onyo la kwanza wala la pili.

Shemeji yetu, mume wa dada, naye alikuwa dereva wa magogo. Kaka ndiye aliyemfundisha kazi. Kaka husema ndiye aliyempatia dada mchumba. Dada husema alijipatia mwenyewe kwa kisingizio cha kumpelekea kaka chakula kazini. Shemeji, wenzake walimwita Mluzi, kwa kuwa kabla ya kutaja kilomita alipiga mluzi mfupi, kama mtu anayebisha hodi. Meneja wa usafirishaji alimkataza mara nyingi, lakini madereva waliupenda. Walisema ukisikia mluzi unajua kabisa nani anakuja na unajua yuko macho.

Masikio ya kaka yalianza kupoteza usikivu polepole. Miaka ishirini na sita ya injini chini ya miguu na breki za upepo si mchezo. Mke wake ndiye aliyegundua kwanza, kwa televisheni, kwani jirani alikuwa akifuatilia taarifa ya habari kutoka kwao bila kuwasha yake. Alimwambia kaka aende akapimwe, kaka akasema atakwenda. Aliposema hivyo mara ya tano, mama wa watu akakata tamaa, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa bahati nzuri au mbaya, hilo kaka hakulisikia.

Kazini alificha. Dereva asiyesikia redio koli hapewi funguo, hilo kila mtu alilijua. Akajitungia ujanja wake: kila kibao alichokifikia akipanda, alijibanza na kusubiri, awe ameitwa au hajaitwa. Alizima injini, akatoa kichwa dirishani, akatazama juu kwenye kona kama kuna vumbi. Likiwapo alingoja, lisipokuwapo alikwenda. Redioni alitaja kilomita yake, lakini wenzake alikuwa hawajibu, maana hakujua kama kuna aliyesema, na wenzake wakazoea hivyo. Kobe hajibu, walisema, ila Kobe atakuwa amejibanza. Mtu akishazoeleka namna hiyo hakuna anayemuuliza tena.

Lakini kujibanza kwenye vibao ishirini na viwili kunakula siku. Safari zake zikapungua. Meneja, mtu wa miwani na daftari ambaye mlima ule aliupanda mara moja tu, tena akiwa amefumba macho, akamwita ofisini. Akamwambia kobe wa hadithini alishinda kwa sababu sungura alilala, na hapa hakuna sungura anayelala.

Jumapili moja kaka akaja kibandani na lori tupu.

"Mdogo wangu," akasema, "hii redio koli ina spika kama kifuniko cha chupa. Huwezi kuifanya iseme kwa sauti ya kiume?"

Nilimtazama. "Ni redio, kaka, au ni masikio?"

"Ni redio."

"Kaka."

Akageuza uso, akatazama pampu za mafuta. "Bado miaka miwili nistaafu," akasema. "Miwili tu. Usimwambie mtu."

Nilichukua bisibisi. Niseme ukweli wangu: nilifurahi. Mtu aliyenilea alikuwa ananihitaji, na alinihitaji kwenye kitu ninachokijua kuliko yeye. Mficha maradhi, kifo humuumbua, msemo huo naujua toka utotoni, na siku ile sikuutaka kichwani mwangu. Niliutoa nikafanya kazi.

Redio koli ina tundu dogo pembeni la kuchomekea spika ya nje. Ukichomeka waya pale, spika yake ya ndani hukatika na sauti yote hufuata waya. Nilifunga lorini redio mpya ya muziki, nikauingiza ule waya nyuma yake, nikaweka spika nne: mbili milangoni na mbili nyuma ya kiti. Basi chochote kilichosemwa kwenye redio koli kikatokea pande zote za kebini, kinene na safi. Juu ya hapo nikamuunganishia na simu yake, bila waya, ili akipigiwa azungumze mikono ikiwa kwenye usukani. Hilo hakuliomba, nilimpa kama zawadi.

Alikuwa na redio koli ya mkononi ya akiba. Nikaichukua nikaenda nayo ng'ambo ya kituo cha mafuta, nikasema, "Moja, mbili, kaka unanisikia?" Honi ikalia. Niliporudi nilimkuta ameshika usukani kwa mikono miwili, macho yamemjaa machozi.

"Ulikuwa umekaa hapa," akasema, akipigapiga kiti cha pembeni. "Hapa kabisa."

Jumatatu alipanda mlima akiitika kila mwito. Wenzake walishangaa, mmoja akauliza redioni kama Kobe ameoa mke wa pili. Hakujibanza pasipo haja, kwa kuwa sasa hapakuwa na haja. Jumanne akaongeza safari, na meneja akamgonga bega. Mke wake aliniambia jioni ile aliimba bafuni, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu watoto wakiwa wadogo.

Jumatano asubuhi nikapata mteja, dereva wa pikapu ya kampuni ya ulinzi, naye ana redio koli na naye analalamika haisikiki. Nikamweleza nilichomfungia kaka. Akasita. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi sikuwa na subira ya kukiacha kizuri changu kijiuze. Nikatoa simu, nikampigia kaka, nikaweka sauti ya nje ili mteja asikie mwenyewe.

"Kaka, redio inasikikaje huko mlimani?"

"Vizuri sana, mdogo wangu. Kila anayeita namsikia kama amekaa pembeni yangu."

Mteja akacheka, akatikisa kichwa kwa kukubali. Hapo ningemuaga. Lakini utamu ulikuwa umenikolea. Nikamuuliza kaka kama inakwaruza kwenye kona, akasema haikwaruzi. Nikamuuliza habari ya besi, kana kwamba mtu wa magogo anahitaji besi, akanijibu hata hiyo, kwa furaha, kama mzazi anayemsifia mtoto mbele ya wageni. Kisha nikamuaga. Mteja akaniachia funguo za pikapu na mimi nikaanza kufungua milango yake nikipiga miluzi.

Kabla ya saa tano dada alinipigia analia.

Walikutana kwenye kona iliyo kati ya kibao cha kumi na nne na cha kumi na tano. Shemeji alikuwa anashuka na mzigo, kaka anapanda mtupu. Kaka alikuwa amekipita kibao cha kumi na nne bila kujibanza. Shemeji alipouona uso wa lori la kaka mbele yake alikuwa na njia mbili, amsukume kaka bondeni au auparamie ukuta. Akauparamia ukuta. Magogo ya mbele yakatoka kwenye minyororo yakaja kebini, yakambana mguu wa kulia kuanzia gotini. Kaka hakuumia hata ukucha. Alikaa na shemeji saa nzima, amemshika mkono kupitia dirishani, hadi walipokuja watu wenye misumeno.

Ijumaa ya wiki ile meneja aliwahoji. Shemeji alihojiwa kitandani, kaka ofisini. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Malori yana chombo kinachoonyesha lori liko wapi na saa ngapi, na chombo kilisema waligongana saa nne na dakika kumi na saba. Lakini chombo hakihifadhi sauti, na redio za bonde lile hazifiki ofisini, wala saa ile hapakuwa na lori jingine karibu la kusikia. Lilibaki neno la mtu na neno la mwenzake. Shemeji alisema alipiga mluzi na akataja kumi na tano, akarudia mara tatu, hakujibiwa, akashuka hivyo hivyo kwa kuwa aliyekuwa chini ni Kobe, na Kobe asipojibu huwa amejibanza.

"Kumi na tano haikuitwa," nikamsikia kaka akisema ndani. "Redio yangu inasikika. Asubuhi ile niliwasikia wote. Yeye sikumsikia kwa sababu hakuita."

Ninachotaka kieleweke ni kwamba hakusema uongo. Kwa miaka miwili kaka hakuthubutu kuapa juu ya kitu alichokisikia, hata nyumbani, hata juu ya hodi mlangoni. Sasa alikuwa na spika nne. Aliyaamini masikio yake kwa mara ya kwanza, na akaapia.

Meneja akatoa wiki moja. Ikithibitika shemeji hakuita, anafukuzwa, na kampuni inajitoa kwenye matibabu yake. Mguu ulikuwa bado unasubiri kupasuliwa mara ya pili, na daktari alishasema bila upasuaji huo utakatwa.

Dada alikuja kwa kaka Jumamosi. Hakuingia, alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Mume wangu aliingia ukutani ili wewe usiende bondeni," akasema. "Na wewe unamwita mwongo."

"Sijamwita mwongo. Nimesema hakuita."

"Aliita mara tatu. Alipiga na mluzi."

Kaka akatikisa kichwa, pole pole, kama anayesikitika. Mimi nilikuwa kwenye kochi na kikombe cha chai, na hakuna aliyeniuliza kitu, lakini mdomo wangu haujui kukaa. "Dada," nikasema, "ile redio niliifunga mimi mwenyewe. Hata sindano ingeanguka kule juu ingesikika."

Alinitazama, akaondoka. Tangu siku ile akawa hapokei simu ya kaka, na yangu akiipokea alisema ndiyo na hapana tu.

Jumatatu iliyofuata yule mteja wa pikapu alirudi, amenuna.

"Fundi, umenifungia kitu chenye wivu. Nikipigiwa simu tu, redio koli inakufa. Jana bosi kaniita mara nne mimi napiga soga na mama mkwe."

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Nikaingia kwenye pikapu, nikamwomba asimame pale nje aongee kwenye redio yake ya mkononi. Sauti yake ikaja kwenye spika, nene na safi. Nikapiga simu yake. Spika zikalia mlio wa simu, na sauti yake ikatoweka. Nilimwona kupitia kioo midomo ikienda. Nilipokata simu, mkia wa sentensi yake ukarudi.

Redio za muziki za siku hizi zote hufanya hivyo. Simu ikiingia, kila kitu kingine hunyamazishwa, na mtu akiwa anasikiliza muziki hushukuru. Nalijua hilo. Nimelijua kwa miaka, huwaeleza wateja kama sifa ya mtambo. Na ile spika ndogo ya redio koli, iliyokuwa kama kifuniko cha chupa, ambayo ingelalama kidogo angalau, niliikata mimi nilipochomeka waya.

Nilitoa simu yangu nikatafuta. Jumatano ile, saa nne na dakika kumi na tatu. Tulizungumza dakika tatu na nusu.

Hapa nitasema jambo la aibu. Nilikaa nalo siku tatu. Nilifungua kibanda, nikafunga kibanda, nikala, nikamjibu mke wangu ovyo. Nilijiambia namlinda kaka, maana nikisema redio ilinyamaza wataniuliza kwa nini iliunganishwa vile, na nikisema kwa nini iliunganishwa vile, kazi yake imekwisha kabla ya miaka yake miwili. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba sikutaka dada ajue ni mimi. Nilitamani kosa liwe la shemeji. Nilikaa pale na koleo mkononi nikimtamania makosa mtu mwenye mguu uliofungwa vyuma.

Alhamisi mchana nilimwita kaka. Nilikuwa nimeunganisha redio koli nyingine kwenye gari langu dogo, vile vile kama lorini. Nikamkalisha kwenye usukani, nikaiunganisha simu yake, nikaenda kusimama mbele ya gari na redio ya mkononi.

"Kaka, unanisikia?"

Akainua mkono. Nikaendelea kuongea, huku nikimpigia simu kwa mkono wa pili. Nikamwona anashtuka, anabonyeza kupokea, anasema haloo. Mimi midomo yangu ilikuwa haijaacha kwenda. Nilikuwa nasema, "Kumi na tano, nashuka na mzigo," nikarudia, nikarudia tena. Alitazama mdomo wangu. Akatazama spika ya mlangoni. Akakata simu, na sauti yangu ikamrudia katikati ya neno.

Nilifungua mlango nikachuchumaa karibu naye.

"Aliita," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi." Akanitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu nilipomwibia baiskeli nikiwa na miaka kumi. "Mtu amelala hospitali siku tatu na jina la mwongo nililompa mimi, na wewe unafungua kibanda unafunga."

"Niliogopa wataulizia masikio yako."

Alishuka, akaenda nyumbani kwa miguu, njia nzima, na hakuniambia atafanya nini. Sikulala vizuri, na nilistahili.

Ijumaa kilikuwa kikao cha mwisho. Shemeji aliletwa kwenye uwanja wa kampuni kwa kiti cha magurudumu, dada anasukuma. Kaka alikuwa ameshafika, amevaa shati la kanisani, amesimama kando ya lori lake. Alimwomba meneja apande kebini dakika mbili. Meneja akatazama saa, akapanda. Kaka akampa shemeji redio ya mkononi, bila kumtazama usoni, akasema, "Ita kumi na tano. Usiache mpaka nikwambie." Kisha sisi wawili tukapanda kebini, akanigeukia. "Na wewe nipigie simu."

Mluzi ulitokea kwenye spika zote nne. Meneja akaruka kidogo. Nikapiga. Mlio wa simu ukajaa kebini, na chini yake hapakuwa na kitu. Kupitia kioo tulimwona shemeji pale uwanjani, mguu umenyooshwa mbele, redio mdomoni, anasema na kusema. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, anatusoma nyuso. Nilipokata, tulisikia, "...na tano, nashuka na mzigo."

Nikamwonyesha meneja simu yangu, siku na saa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini redio koli ina spika yake. Hii habari ya kuihamisha ilitoka wapi?"

Swali hilo nilikuwa nimejiandaa nalo usiku mzima. "Ilitoka kwangu, meneja. Ile spika yake inakwaruza. Mimi ndiye niliyemshauri, yeye hakutaka hata—"

"Mdogo wangu, nyamaza," kaka akasema.

"Sisikii," akamwambia meneja. "Ni miaka miwili sasa. Nilikuwa najibanza kila kibao kwa sababu hiyo, na ndiyo maana safari zilipungua. Nilipopata spika hizi nikaacha kujibanza. Mwenzangu alishuka akijua nimejibanza kama siku zote. Aliita. Andika aliita."

Meneja akafungua daftari juu ya goti, akaandika. Aliandika mistari mingi. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema jambo kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mwenye aibu. Kaka alikuwa anamtazama utosini, anangoja. Alingoja kwa adabu. Halafu akanigeukia mimi, akainua nyusi, kama anavyofanya nyumbani anapotaka nimwambie tena kilichosemwa.

Meneja hakurudia. Ikabidi niseme mimi.

"Anasema uache funguo, kaka."

Akazitoa mfukoni, akazitenganisha na za nyumbani, jambo lililochukua muda kwa sababu pete ilikuwa ngumu, akaziweka juu ya dashibodi.

Shemeji alipasuliwa mara ya pili na mguu ukabaki. Hataendesha lori tena, lakini anatembea kwa fimbo. Kaka amepimwa na kupewa kifaa cha sikioni, ambacho hukiweka mfukoni mwa shati kwa sababu anasema kinamletea kelele za vijiko. Lori lake alipewa mtu mwingine. Nilikutana nalo wiki iliyopita kwenye kituo cha mafuta, rangi imepakwa upya nyuma, jina limefunikwa.

Siku ya pili baada ya upasuaji nilikwenda hospitali. Kaka alikuwa ndani, amekaa ukingoni mwa kitanda cha shemeji, wawili hao wanabishana habari ya minyororo ya magogo kwa sauti ambayo wodi nzima ilishiriki. Sikuthubutu kuingia. Dada alikuwa kwenye karo la koridoni anaosha vikombe. Nikachukua kitambaa nikaanza kuvifuta.

Kikombe cha mwisho alikishika bila kunipa.

"Siku ile," akasema, "ulimpigia kumwambia nini? Nimejiuliza sana. Mtu yuko mlimani, asubuhi, dakika tatu nzima. Kulikuwa na mgonjwa?"

"Hapana."

"Mama mkwe wako?"

"Hakukuwa na shida yoyote, dada."

"Basi ulimpigia nini?"

Nilikunja kitambaa, nikakikunjua. "Nilimpigia kumuuliza kama redio inasikika."

Maji yalikuwa bado yanamwagika kwenye karo. Hakuyafunga.

"Akasemaje?"

"Alisema kila anayeita anamsikia kama amekaa pembeni yake."